Fimbo za gofu za babu si vyuma vya kupimwa kwa kilo

Wahenga walinena kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Jumapili hii tuitumie methali hiyo kukagua kitu ambacho huenda kimo nyumbani mwenu na hakuna anayekijali: mfuko wa ngozi uliopasuka, umeegemezwa ukutani katika stoo, na ndani yake fimbo nne au tano za gofu zilizoshika kutu.

Zilifikaje hapo? Tuseme babu alikuwa kedi, yaani yule anayembebea mchezaji fimbo zake na kumwonyesha mpira ulikoangukia. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1906, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika aliingia katika viwanja kama hivyo ili kubeba fimbo, kukata nyasi au kupakua chakula. Kucheza kama mwanachama hakukuwa fungu lake. Mzungu aliyefunga virago kurudi kwao aliweza kumwachia kedi wake fimbo ambazo hakuzihitaji tena. Zikaenda mtaani, zikapelekwa mashambani, kisha zikarudi mjini pamoja na mizigo ya familia.

Sasa baba anataka stoo isafishwe. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita na mkokoteni na mizani yake, na bei yake ni ya kilo. Kaka mkubwa aliye chuoni amesikia kwamba fimbo za kale huuzwa ghali ng'ambo, naye ameanza kuhesabu pesa ambazo hajaziona. Kitindamimba, ambaye hutazama gofu kwenye televisheni, ana swali moja tu: je, fimbo hizi zaweza kuchezwa?

Jawabu ni kwamba nyingi zaweza. Lakini kazi hii ina mpango wake. Kwanza uzitambue, kisha uzikague, halafu uzitengeneze, na mwisho kabisa ndipo uzicheze. Anayeanza na msasa kabla ya kujua alichoshika mkononi hufuta habari zote zilizoandikwa kwenye chuma, na zikishafutika hazirudi.

ANZA NA SUMAKU

Fimbo ya gofu ina sehemu tatu: kichwa kinachopiga mpira, mpini, na mshiko uliofungwa ngozi au mpira. Sehemu inayosema mengi zaidi kuhusu umri ni mpini.

Hadi miaka ya 1920 mipini ilitengenezwa kwa mti wa hikori, mti mgumu wa Amerika Kaskazini ambao pia hutumiwa kutengenezea mipini ya nyundo na mashoka kwa sababu hupindika bila kuvunjika upesi. Mipini ya chuma cha pua ilipotokea, wakuu wa mchezo huu hawakuikubali mara moja. Marekani iliiruhusu mwaka wa 1924. Wakuu wa St Andrews kule Uskoti, ambao sheria zao zilifuatwa Uingereza na katika makoloni yake, waliiruhusu mwaka wa 1929. Baada ya hapo mti ulishindwa haraka sana. Bobby Jones wa Marekani alitwaa mataji yote manne makubwa ya wakati wake mwaka wa 1930 akitumia mipini ya hikori, na mwaka uliofuata Billy Burke alishinda ubingwa wa wazi wa Marekani kwa mipini ya chuma.

Kwa hivyo ukiona mpini wa mti, kuna uwezekano mkubwa kwamba fimbo hiyo ilitengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1930. Lakini usiyaamini macho peke yake. Viwanda vya wakati ule viliwaonea huruma wachezaji waliozoea mti, vikawa vinavisha mipini ya chuma tabaka jembamba lenye rangi ya mbao. Ukiitazama kwa mbali utaapa kuwa ni mti. Hapo ndipo utakapohitaji sumaku, hata ile iliyotoka katika spika mbovu ya redio. Ipitishe kwenye mpini. Ikinasa, huo ni chuma kilichovaa kanzu ya mti. Isiponasa na ukaona nyuzi za mti zikiteremka kutoka juu hadi chini, umepata hikori.

Jihadhari pia na mapambo. Siku hizi hutengenezwa fimbo za kutundikwa ukutani tu, zenye mpini wa mbao unaometameta kwa vanishi na kichwa chepesi kisicho na alama yoyote ya mtengenezaji. Hizo ni za kutazamwa. Ukizipigia mpira, kichwa kitautangulia mpira kwenda mbele.

SOMA ALAMA MGONGONI

Sasa geuza kichwa cha chuma utazame mgongo wake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usikwaruze. Mafundi wa kale waligonga alama zao pale, kama vile mfinyanzi anavyoacha alama yake kwenye chungu.

Kiko cha kuvutia tumbaku ni alama ya Tom Stewart wa St Andrews. Mkono ni wa George Nicoll wa mji wa Leven. Nyota ni ya William Gibson wa Kinghorn, na taji ni ya Forgan wa St Andrews. Wote hao walikuwa mafundi wa Uskoti, na vichwa vyao vilisafirishwa mbali. Ukikuta jina la mtu limeandikwa pamoja na mojawapo ya alama hizo, usikimbilie kusema kuwa huyo ndiye aliyeitengeneza. Mara nyingi hilo ni jina la mwalimu wa gofu au mwenye duka aliyenunua kichwa, akaweka mpini, kisha akaiuza fimbo kwa jina lake. Upande wa Marekani utakutana na majina kama Spalding, MacGregor na Wilson, ambayo yaliendelea hadi enzi ya mipini ya chuma.

Tazama pia kama fimbo ina nambari au jina. Leo twasema namba tano, namba saba, namba tisa. Zamani kila fimbo ilikuwa na jina lake la ubatizo. Brasi na spuni zilikuwa fimbo za kichwa cha mti za kupiga mbali. Mashi ilikuwa inakaribiana na namba tano ya siku hizi, mashi-nibliki ikakaribia namba saba, na nibliki, yenye uso uliolala sana, ikafanya kazi ya namba tisa. Seti zenye nambari mfululizo zilienea katika miaka ya 1930. Kwa hivyo jina bila nambari ni dalili nyingine ya uzee.

Vichwa vya mti navyo vina hadithi yao. Vile vizuri vilichongwa kutoka kipande kimoja cha mti uitwao pasimoni, jamaa wa mti wa abunusi. Utaona nyuzi za mbao zikipita moja kwa moja. Vingine viligundishwa kwa tabaka nyingi nyembamba, na ukitazama kwa makini utaziona zimepangana kama kurasa za kitabu. Vyote viwili vyafaa kwa mchezo. Vilianza kutoweka baada ya vichwa vya chuma vya kampuni ya TaylorMade kuingia sokoni mwaka wa 1979.

Hata hivyo, chanzo bora cha habari si chuma wala mti. Ni babu mwenyewe. Kama yu hai, mpelekee fimbo hizo kabla hujazigusa, umwamkie, ukae chini, umuulize alizipata kwa nani, katika uwanja gani na mwaka gani. Andika jibu lake kwenye karatasi ulifungie ndani ya mfuko. Hakuna duka la vitu vya kale litakalokuuzia karatasi hiyo. Na usisahau kwamba fimbo ni zake. Si haki mjukuu na mnunuzi wa vyuma wakapatana bei huku mwenye mali akiwa ameketi sebuleni.

PESA ZIKO WAPI?

Hapa lazima nimvunje moyo kaka mkubwa kidogo. Fimbo za mipini ya hikori zilitengenezwa kwa wingi mno, hasa baada ya viwanda kuchukua nafasi ya mafundi wa mikono. Zilizo nyingi hazina bei ya kumnunulia mtu shamba. Zinazotafutwa na wakusanyaji ni zile adimu, za mafundi wachache wa karne ya 19, au zenye umbo lisilo la kawaida. Ukihisi unayo mojawapo, usiisugue wala kuipaka kitu. Ipige picha, utafute mjuzi, na usiiuze siku hiyo hiyo.

Zile nyingine za kawaida zina thamani ya aina nyingine, ambayo ni kuchezwa. Seti mpya ya fimbo za gofu ina bei ambayo wazazi wengi hawawezi hata kuitaja mbele ya mtoto. Fimbo tatu za kale zilizotengenezwa vyema zaweza kumwanzisha kijana bila kugusa karo ya shule.

KAGUA KWANZA, MAANA HAPA KUNA HATARI

Kichwa cha fimbo kikichomoka katikati ya pigo, hugeuka kombeo. Kwa hivyo usimwachie mtoto azungushe fimbo ya kale kabla haijakaguliwa na mtu mzima.

Shika kichwa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, ujaribu kuvizungusha pande tofauti. Kikicheza hata kidogo, kimelegea. Kisha chukua kipande cha pamba uipitishe polepole kwenye mpini wa mti toka juu hadi chini. Pale nyuzi za pamba zinaponasa, pana ufa au kibanzi. Angalia zaidi mahali mpini unapoingia kwenye shingo ya chuma, kwani hapo ndipo nguvu ya pigo hukusanyika. Ufa unaokata mpini kwa upana hauna dawa. Usijaribu kuubadilisha kwa mpini wa jembe! Fimbo hiyo sasa itundikwe ukutani ipumzike.

Mpini wa chuma nao usikuhadae kwa mng'aro wake. Kutu nyepesi ya juu si neno. Lakini ukiona vishimo vilivyokula chuma, hasa karibu na kichwa, ujue mpini huo waweza kukatika ghafla. Uweke kando.

MAFUNDI WAKO MTAANI

Zilizopita mtihani huo sasa zastahili matibabu. Kazi si ngumu, bali inataka subira.

Kichwa cha chuma: futa kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, ukaushe papo hapo. Paka mafuta ya taa kwenye kutu uache kwa saa kadhaa, kisha sugua taratibu kwa nyuzi za chuma zilizo laini kabisa. Lengo ni kuondoa kutu, si kukifanya chuma king'ae kama sufuria mpya. Ile rangi ya kijivujivu iliyotulia ndiyo uzuri wake, na humlinda mchezaji asipigwe na mwako wa jua machoni. Usipeleke kichwa kwenye mashine ya kunolea. Dakika mbili za mashine zatosha kufuta alama iliyodumu miaka 100. Ukimaliza, paka mafuta mepesi ya mashine.

Mpini wa mti: usiuloweke majini hata mara moja. Kuna wanaoamini kwamba maji huvimbisha mti ukakaza kichwa. Kweli huvimba, lakini ukikauka hunywea na kulegea zaidi ya mwanzo, na huko ndani umeshaanza kuoza. Safisha kwa kitambaa kilichokamuliwa, sugua kidogo kwa nyuzi laini, kisha paka mafuta ya kitani, yale ambayo maseremala hupaka mbao. Paka kidogo, ungoje dakika kadhaa, futa yaliyobaki, urudie kesho yake na kesho kutwa. Nakuonya kwa dhati: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, ukikikunja na kukitupa pembeni, chaweza kupata joto chenyewe na kushika moto. Kitandaze nje kikauke kabisa kabla ya kukitupa.

Mpini uliopinda kidogo huweza kunyoshwa. Upashe joto la mvuke au hewa ya moto, usiuweke juu ya mwali, kisha uukaze kinyume cha pindo na kuushikilia hadi upoe. Fanya kidogo kidogo. Anayetaka kuunyosha kwa mara moja atasikia mlio ambao hataupenda.

Kichwa kilicholegea: mara nyingi kuna msumari mdogo uliopita katika shingo ya chuma hadi upande wa pili. Fundi wa chuma ataugonga utoke, atachomoa mpini, atasafisha ndani, atapaka gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mirija miwili, kisha ataurudisha msumari. Mwambie mapema asichomelee kwa moto, kwani moto utaunguza mti uliomo ndani. Kichwa cha mti nacho hufungwa shingoni kwa uzi. Fundi viatu yeyote anao uzi mgumu uliopakwa nta, na aweza kuufunga upya mzunguko baada ya mzunguko bila fundo kuonekana.

Mshiko: fimbo za hikori zilifungwa ukanda mrefu wa ngozi juu ya kitambaa kilichotoa unene. Kama ngozi ya kwanza ingali nzima, ilainishe kwa mafuta ya ngozi uiache. Ikiwa imeliwa, mafundi wa ngozi wa Kariokor watakukatia ukanda mwembamba. Anza kuufunga toka juu ukizunguka kuteremka, kila mzunguko ukigusa mwenzake bila kuupanda. Fimbo za mipini ya chuma hufaa kuvishwa mshiko mpya wa mpira, ambao huuzwa katika maduka ya vifaa vya gofu.

SASA TWENDE UWANJANI

Fimbo ya kale haipendi papara. Mpini wa hikori hujipinda zaidi kuliko chuma, na kichwa huchelewa kufika. Ukipiga kwa hasira kama unayeua nyoka, mpira utaenda upande usiotaka. Zungusha polepole, ngoja kichwa kifike, na utausikia mpira ukiondoka kwa sauti nzito isiyofanana na mlio wa vichwa vya kisasa.

Tumia mipira iliyo laini, si ile migumu inayokodishwa kwa ndoo kwenye viwanja vya mazoezi. Pigia kwenye nyasi, wala si juu ya mkeka uliowekwa kwenye saruji, kwani mshindo wa saruji hupasua mpini. Usipige mawe wala vifuu. Ukimaliza, futa kichwa, ukaushe mpini, uihifadhi fimbo mahali pakavu pasipopigwa na jua. Na kabla ya kuingia katika klabu yoyote uliza utaratibu wake wa wageni na vijana. Sheria yaruhusu usizidi fimbo 14, lakini hailazimishi ziwe hata tano.

Usidhani utakuwa kichekesho. Tangu mwaka wa 2005 Uskoti huandaa mashindano ya dunia ya wachezaji wanaotumia mipini ya hikori peke yake, na watu husafiri kutoka nchi nyingi kuyahudhuria.

Na kama kitindamimba wako anaona haya kuonekana na fimbo ya kutu, msimulie habari za Severiano Ballesteros. Huyu alikuwa mwana wa mkulima kutoka kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Uhispania. Utotoni alianza na kichwa cha chuma chenye kutu alichokichomeka kijiti. Baadaye nduguye Manuel akampa fimbo moja kuukuu, namba tatu, naye akawa anapiga mipira ufuoni mwa bahari peke yake. Alikuwa kedi pia. Kwa fimbo hiyo moja alijifunza kupiga mpira juu, chini, kulia na kushoto, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya kumsaidia. Mwaka wa 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open. Mwaka uliofuata akashinda ubingwa wa wazi wa Uingereza, taji alilolitwaa mara tatu maishani. Alifariki mwaka wa 2011.

Simwahidi mtoto wako kwamba atakuwa Ballesteros. Namwambia tu kwamba aliyebeba fimbo za wengine kutwa kucha miaka ile, bila ruhusa ya kupiga hata mpira mmoja mbele ya wenye uwanja, aliona zina faida akazihifadhi. Hakuzihifadhi miaka yote hiyo ili ziyeyushwe ziwe nondo.

Kwa hivyo mnunuzi wa vyuma akipita tena, mwuzie mabati na ile baiskeli iliyovunjika. Mfuko ule wa ngozi mwambie umeshapata mwenyewe. Kisha tafuta sumaku, kitambaa na mafuta, mwite kijana, na umpigie babu simu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akitujalia.